Peugeot 504 pikapu ya marehemu baba, imelala miaka 14 na injini haizunguki. Nianzie wapi?

Nati Iliyobaki (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri, na naomba tusichekane.

Marehemu baba ameacha Peugeot 504 pikapu ya mwaka 1983, injini ya petroli, 1971 cc. Imekaa bandani miaka 14. Matairi yote chini, panya wamehamia ndani. Juzi nimeisukuma na wadogo zangu hadi gereji ya hapa nyumbani, yaani chumba cha gari moja, taa moja, ukifungua mlango wa gari unagonga ukuta. Vifaa: jeki ya magurudumu, seti ya spana na soketi, grainda, na hamu.

Hali yake: injini haizunguki kabisa. Nimefunga betri mpya, stata inagonga "tk" halafu kimya. Sakafu upande wa dereva ina tundu, ukiinua kapeti unaiona sementi. Rangi imepauka, ila mlangoni bado yapo maandishi ya uzito wa mzigo ambayo mzee aliyaandika mwenyewe kwa brashi. Herufi zinapanda mlima kidogo kuelekea mwisho.

Mpango wangu ni kutoa hiyo injini na kuitupa, niweke ya kisasa yenye injekta, gari nilishushe, rimu pana, rangi nyeusi isiyong'aa mwili mzima. Jirani anasema kabla ya kutupa injini tulifunge kamba tulivute likiwa gia ya tatu, injini itaachia tu. Gari lake lipo kesho jioni. Nimkubalie? Na rangi nianze nayo lini, maana ndiyo inayonipa usingizi wa raha?

Naomba kuwasilisha.

Plagi Kavu

Uza mkuu. Utanikumbuka.

Oili Chafu

MSIVUTE. Narudi kuandika vizuri, ila kama unasoma hili kesho jioni, mwambie jirani kamba akafungie mbuzi.

Spana Kumi na Tatu

Kuvuta ni kweli kunaachisha. Kunaachisha na ringi (pete za pistoni). Injini iliyolala, ringi huwa zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu nyembamba tu. Ukiivuta kwa uzito wa gari zima, kile kinachokubali kwanza si lazima kiwe kutu. Kinaweza kuwa ringi, pistoni au konrodi (mkono wa pistoni). Kama vali moja imeganda, pushirodi (fimbo inayosukuma vali) inapinda kabla hujasema simama.

Swali la kwanza kabisa: una uhakika kilichoganda ni injini? Weka gia huru, jaribu kuzungusha kwa nati ya mbele ya krankshafti (krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni), si kwa stata. Legeza mkanda wa feni kwanza, maana pampu ya maji au dainamo iliyoganda inaweza kukudanganya.

Oili Chafu

Nimerudi. Hizi injini nimezifungua miaka mingi kabla mgongo haujakataa, kwa hiyo mnivumilie urefu.

Kijana, usiitupe. 504 ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikawa Gari la Mwaka la Ulaya, na pikapu ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1970 kuchukua nafasi ya ile ya 404. Injini yako ni ya chuma cha kumimina, hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu, kemshafti (mhimili unaofungua vali) iko chini kwenye bloku, inaendeshwa na cheni. Hakuna mkanda wa taimingi wa kukatika. Ni injini inayosamehe sana, isipokuwa mambo mawili ambayo wengi hawayajui.

La kwanza, imelala upande. Fungua boneti uitazame, imeinamishwa kama nyuzi 45. Kwa hiyo ukimwaga oili kidogo kwenye tundu la plagi kama watu wanavyoshauri, inakwenda kukaa upande wa chini wa silinda, upande wa juu unabaki mkavu na kutu yake. Halafu mtu anasema "nimeloweka wiki nzima haikuachia". Hukuloweka, umelowesha nusu.

Fanya hivi. Plagi zako zimezama kwenye mashimo marefu, na miaka 14 ni mchanga na vinyesi vya panya mle ndani. Puliza kwanza, ndipo ufungue, usije ukaviangusha ndani. Tazama kila plagi na uiandike namba. Iliyotoka na wekundu wa kutu ndiyo silinda yenye shida, mara nyingi ni ile ambayo vali yake ilibaki wazi gari lilipozimwa mara ya mwisho, unyevu ukawa unaingia kupitia ekzosi au kabureta. Changanya oili ya giaboksi za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, fanyia nje penye hewa, usivute sigara. Mwaga dawa hiyo hadi uione imefika karibu na tundu la plagi. Silinda nzima haifiki nusu lita (kipenyo 88 mm, mwendo wa pistoni 81 mm, piga hesabu), kwa hiyo si nyingi. Ikishuka, ongeza. Siku tatu, siku kumi, acha. Ikiisha haraka sana kwenye silinda moja, ujue vali iko wazi au ringi zimechoka, andika.

Wakati inaloweka, fungua kava la roka (kifuniko cha juu ya vali). Gonga kila vali taratibu kwa nyundo ya plastiki, uone kama inashuka na kurudi. Isiyoshuka au isiyorudi isikuachie usingizi, maana ukizungusha krenki ikiwa hivyo utapinda pushirodi au vali yenyewe.

Kisha soketi na mpini mrefu kwenye nati ya krenki. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Ukisikia imesogea hata upana wa kucha, usishangilie kwa kukaza, rudi nyuma, ongeza dawa, nenda kalale. Na kabla ya kuizungusha mzunguko kamili NYONYA dawa yote itoke. Kimiminika hakibanwi. Pistoni ikipanda juu ya silinda iliyojaa, konrodi inapinda kama mshumaa. Baadaye toa pia oili ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwa sababu dawa imeshapita ringi na kushuka huko.

La pili linakuja, simu inazima.

Nati Iliyobaki

Shikamoo mzee. Jirani nimemwambia kesho hapana. Amenuna.

Lakini kwa nini nisifungue hedi nione mwenyewe? Si bolti tu?

Oili Chafu

Marahaba. Ndilo la pili lenyewe.

Laina (kuta za silinda) za injini hii ni za maji. Hazikutobolewa kwenye bloku, ni mabomba yaliyopachikwa, maji yanayazunguka kwa nje, na chini yanakaa juu ya sili nyembamba. Kinachoyakandamiza yasitoke ni hedi. Ukiitoa hedi kwa kuinyanyua wima, imeganda kwenye gasketi, inaweza kunyanyuka na laina. Ukizungusha krenki hedi ikiwa nje, pistoni iliyoshikana inaisukuma laina juu. Sili ikishavunja mkao, maji yanaingia kwenye oili, na kazi ya jioni moja imekuwa kufungua injini yote.

Kwa hiyo hedi ndiyo silaha ya mwisho. Ikibidi, igeuze kwa pembeni hadi iachie gasketi ndipo uinyanyue, na papo hapo banisha laina kwa bolti zenye washa (pete bapa za chuma) pana. Usiguse krenki hadi ziwe zimebanwa.

Spana Kumi na Tatu

Mzee hapa kanifunga mdomo, nilikuwa nataka kumwambia afungue hedi.

Bi Msasa

Mmeongea injini tu kama kawaida ya wanaume wa gereji. Kijana, injini inatoka na kurudi kwa bolti. Kitakachoamua kama hili gari litaishi ni bati.

Chukua bisibisi, si mpya. Lala chini ya gari (narudi kwenye kulala chini), gonga mbavu za chini ya milango, kona za sakafu, maungio ya mabawa, na hasa pale springi za nyuma zinapofungwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza, bisibisi inaingia. Tundu la sakafu unaloliona ni dogo kuliko tundu lililopo, daima. Kata hadi ufike bati safi, usichomelee kwenye karatasi.

Kabla ya kukata ubavu wa chini wa mlango, gari likae sawasawa na uchomelee bomba la muda kukatiza uwazi wa mlango. Pima mshazari wa uwazi huo pande zote mbili na uandike ukutani. Nimeona kebini ya dereva iliyokatwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, mtu akachomelea vizuri kabisa, mlango haukufunga tena maisha yake. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Na piga nukta nukta ukiruka huku na huku, ukivuta mstari mrefu kwa pupa bati linajikunja kama chapati.

Sasa kifua chako. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, piga msasa wa maji, vaa barakoa ya chembechembe, usipeperushe vumbi kwenye chumba hicho kidogo. Vibati vya breki na sahani ya klachi vya umri huo vinaweza kuwa na asbesto, usivipulize kwa kompresa, lowesha na ufute. Ukisafisha bati kwa dawa ya kusafishia breki, soma kopo: zile zenye klorini zikikutana na moto wa welda zinatoa gesi inayoua. Na tangi la petroli hata likiwa tupu miaka 14, usilichomelee. Hilo sirudii.

Rangi nyeusi isiyong'aa: gari ni lako. Ila rangi isiyong'aa haipigwi polishi, kila mkwaruzo unabaki. Na hizi rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kukazia rangi) zina isosayaneti, kemikali inayoumiza mapafu, barakoa ya kawaida haizizuii, zinataka hewa ya bomba kutoka nje. Chumba cha taa moja si pa kupulizia. Fanya maandalizi yote mwenyewe, siku ya kupuliza mpe mwenye chumba chake.

Hayo maandishi ya mzee, kabla hujagusa mlango, weka karatasi nyembamba juu yake ukayachore kwa penseli, pamoja na ule mlima wa herufi. Baada ya hapo uamue kwa utulivu.

Jeki Moja

Naongezea hilo la kulala chini. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia. Stendi mbili imara juu ya sementi, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe, lisukume gari kwa nguvu ndipo uingie. Tofali lenye matundu linabeba vizuri hadi sekunde linapopasuka. Jina langu hili nililipata baada ya kuvunja vidole viwili, nilikuwa na bahati ya vidole.

Plagi Kavu

Nilisema auze kwa kejeli jamani, mbona mnamfundisha bure.

Kwenye kubadilisha injini niongee kweli. Nilifanya kwangu, gari jingine. Injini yenyewe ni sehemu ndogo. Inafuata mikono ya kuishikilia, giaboksi haikubali klachi yako, shafti ni ndefu au fupi, rejeta haitoshi, pampu ya petroli ya presha kubwa na mabomba yake, wayaringi mzima na kompyuta yake. Unaipa nguvu gari lenye breki za zamani. Halafu karatasi, maana namba ya injini kwa kawaida imeandikwa kwenye hati za gari. Langu lilikaa wazi muda mrefu kuliko lilivyolala kabla sijaligusa.

Kama unataka usasa, weka ule unaoweza kuurudisha: mfumo wa kuwasha wa elektroniki badala ya pointi, taa zenye rilei zake, mikanda ya kiti. Kushusha pikapu ya springi za bapa nyuma ni rahisi, ila kama ina vali ya breki ya nyuma inayosoma uzito wa mzigo, ukiishusha vali inadhani umebeba, breki za nyuma zinashika kabla ya wakati. Irekebishe.

Nati Iliyobaki

Mrejesho, siku ya 11.

Jirani alikuja kuona tulichokifanya badala ya kuvuta, bado amekunja uso lakini ameshika tochi saa mbili.

Gia huru, mkanda wa feni nje, injini bado jiwe. Plagi ya 3 ilitoka nyekundu kama udongo, nyingine kavu. Kijiti nilichoingiza kwenye matundu ya plagi kimenionyesha pistoni 2 na 3 ziko juu, 1 na 4 chini. Silinda ya 3 ilikunywa dawa mara nne kabla ya kutulia. Vali moja ya ekzosi kwenye hiyo hiyo ya 3 ilikuwa haishuki. Nimeigonga na kuilowesha siku tano, sasa inarudi.

Jana usiku nikaweka mpini. Nyuma hakuna. Mbele hakuna. Nyuma, ikasogea. Nilihisi mkononi kabla ya kuona. Nikakumbuka maneno ya mzee nikaacha, nikaenda kulala, sikulala. Leo asubuhi inakwenda robo mzunguko na kurudi. Dawa bado ipo ndani, sijazidisha.

Mbavu za chini: upande wa abiria zinalia. Upande wa dereva bisibisi imeingia sehemu tatu. Maandishi nimeyachora kwenye karatasi. Nyeusi sijui tena.

Mzee, nikishanyonya dawa na ikazunguka kamili, je, nipime presha ya silinda kwanza au niiwashe?

Oili Chafu

Presha kwanza, plagi zote nje, kwa stata, betri imejaa. Silinda ya 3 itakuwa chini, usiogope. Tia kijiko cha oili ndani upime tena. Ikipanda ni ringi, na ringi zikizunguka na joto huwa zinajirudi kidogo. Isipopanda ni ile vali ya ekzosi.

Petroli ya tangi usiitumie hata tone. Kikopo pembeni, petroli mpya, bomba jipya. Na breki kabla ya kuwasha, si baada. Likiwaka utataka kulitoa nje, nakujua.