Wanafunzi wa Gredi ya 5 na vyombo vya kale vya Gedi: nianzie wapi?

Mwalimu, Malindi

Walimu na wazazi wenzangu, muhula ujao nitawapeleka wanafunzi wangu wa Gredi ya 5 kwenye magofu ya Gedi, mji wa kale wa Waswahili jirani na Malindi, na makumbusho madogo yaliyo papo hapo. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi ziara hizi zinavyokwenda kwa kawaida: watoto hupitishwa mbele ya makabati ya vioo, hunakili maelezo ya kila chombo, kisha hurudi darasani na kurasa zilizojaa lakini bila swali hata moja. Wengine huondoka wakiamini kwamba mji ule ulijengwa na wageni, kwa kuwa walivyoonyeshwa kwa mkazo ni vitu vya kutoka China na Uajemi. Ningependa waone kwamba wenye mji walikuwa Waswahili, wenye misikiti yao, visima vyao na biashara yao. Je, nichague vitu gani, na niwaulize nini?

Mwongozaji mstaafu, Mombasa

Mwalimu, hongera kwa kulifikiria jambo hili mapema. Chagua vitu vichache mno. Hata viwili vinatosha kwa asubuhi nzima. Nyumba kadhaa ambazo mwanaakiolojia James Kirkman alizifukua kuanzia mwaka 1948 zilipewa majina kutokana na kilichookotwa ndani yake, kwa hiyo utakuta Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma na Nyumba ya Fedha za China. Wasimamishe watoto ndani ya kuta, waonyeshe ua, zidaka (vishubaka vya ukutani) na choo, kisha waambie kwamba humu uliokotwa mkasi, na uwaache wabishane ni nani aliyeutumia na kwa kazi gani. Ubishi huo ndio historia yenyewe, kwa sababu Gedi haikuachiwa kitabu. Hata Wareno, waliokaa Malindi jirani kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, hawakuuandika mji huu waziwazi. Maandishi yenye tarehe ni machache, na lililo maarufu ni kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Kitu cha pili kiwe kigae cha bakuli la kijani kutoka Longquan, China. Usitaje asili yake kwanza. Waambie watazame rangi, unene na ukingo uliovunjika, ambapo udongo mweupe wa kijivu unaonekana chini ya ule mng'ao laini; wakishachoka kukisia, waeleze kwamba bakuli lile lilipitia mikono ya wafanyabiashara wengi na bandari nyingi kabla upepo wa kaskazi haujalileta huku. Hapo wataje na twiga ambaye mabalozi wa Malindi walimfikisha China mwaka 1415, ili wajue kwamba safari zilikuwa za pande zote mbili.

Mwanafunzi wa akiolojia, Dar es Salaam

Namheshimu mzee wangu hapo juu, lakini singeanza na bakuli la China hata kidogo. Katika miji ya kale ya pwani, vigae vinavyofukuliwa kwa wingi kupita vingine vyote ni vya vyungu vilivyofinyangwa na wenyeji, na vya kigeni ni sehemu ndogo tu. Makumbusho huonyesha vya kigeni kwa sababu vinang'aa, na mtoto anayekiona kichache kikipewa kabati kubwa hutoka na hesabu iliyopinda. Mpe kwanza kigae cha chungu cha kupikia, aone masizi upande wa nje na michoro iliyochorwa begani kabla udongo haujakauka, halafu umuulize nani alipika na nani alifinyanga. Bakuli la China likija baadaye, atalielewa kama kitu kilichonunuliwa na mtu aliyekuwa na jikoni lake tayari.

Ukipata nafasi ya kuonyesha picha, ongeza sarafu za shaba za Kilwa. Zina majina ya masultani wa huko, na maneno ya upande mmoja yana vina na yale ya upande wa pili, jambo ambalo watoto wanaokariri mashairi watalifurahia. Moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala wakati msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, iliokotwa Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe ulio mbali bara.

Mwalimu wa shule ya msingi, Lamu

Naongeza la vitendo. Nunua chungu cha kawaida sokoni, ukivunje, na umpe kila mtoto kipande cha mdomo wake. Chora kwenye karatasi duara ndani ya duara, kila moja ukiiandikia upana wake kwa sentimita, kisha mtoto asogeze kipande chake hadi mpindo wake ulingane na duara mojawapo. Ndivyo wanaakiolojia wanavyokadiria ukubwa wa chungu kizima kutokana na kipande kisichozidi kidole. Fanyeni hivi wiki moja kabla ya ziara, nao wataingia Gedi wakiwa na macho ya kazi.

Tafadhali uwaeleze pia kwamba vigae watakavyoviona chini haviokotwi. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2006, na Gedi ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2024. Sababu wanayoielewa haraka zaidi ni kwamba kigae kikishaondolewa mahali pake, hakuna tena atakayeweza kusema kilikuwa jikoni, msikitini au kisimani.

Mwalimu, Malindi

Nawashukuru nyote. Nitaanza na chungu, kisha mkasi, na bakuli la Longquan litakuja mwisho. Nimemwandikia barua msimamizi wa makumbusho kuomba vigae vya kufundishia ambavyo watoto wanaruhusiwa kuvishika, na makabati yaliyobaki tutayapita bila kuandika.