Nani hasa alikuwa na ngumi nzito kuliko wote katika ndondi za uzito wa juu?

Kona ya Mwanjelwa:
Salaam wakuu. Huku Mwanjelwa ubishi umetugawa. Vijana wanasema Deontay Wilder, kwa sababu katika ushindi wake 43 wa mwanzo, 42 ulikuwa wa KO (mpinzani kuangushwa au kusimamishwa asiweze kuendelea). Wazee wanasema George Foreman na hawataki kusikia jina lingine. Wachache wamebaki na Mike Tyson. Naomba wanaoujua mchezo walete hoja: ngumi nzito inapimwaje, na watatu wa juu ni akina nani? Nauliza uzito wa ngumi tu, si ubora wa bondia. Mabingwa kama Muhammad Ali na Larry Holmes tuwaweke pembeni kwenye orodha.

Mzee wa Ipogolo:
Mkuu, hesabu ya KO ikisimama peke yake inadanganya, maana haisemi aliyeanguka ni nani. Bondia anayejengewa rekodi hupewa wapinzani dhaifu ishirini, thelathini, ndipo aletewe mtu. Anza na swali hili: aliyepigwa na wawili anasema ni yupi aliyemuumiza zaidi?

Kwa kipimo hicho wa kwanza ni Earnie Shavers, Mmarekani wa miaka ya 1970. Umesema Holmes tumweke pembeni, lakini kwenye hili ndiye shahidi mkubwa. Alipigana na Shavers mara mbili, 1978 na 1979, halafu Januari 1988 akakutana na Tyson aliyekuwa kwenye makali yake, na Holmes akasimamishwa raundi ya 4. Pamoja na hayo, Holmes alishikilia kwamba Shavers ndiye mwenye ngumi nzito zaidi. Itazame ile ya Septemba 1979, raundi ya 7: ngumi ya kulia inapita juu ya bega la Holmes, inashuka kichwani, na Holmes anakwenda chini mzima mzima, kama gunia la lumbesa lililoachiwa toka juu ya fuso. Kuinuka kwake na kushinda raundi ya 11 ni sifa ya Holmes, hakuipunguzi ngumi ile.

Ali naye alimaliza raundi 15 na Shavers mwaka 1977 pale Madison Square Garden, kisha akasema ngumi zile zimewatikisa mpaka ndugu zake huku Afrika. Ken Norton, aliyewahi kumshinda Ali, hakumaliza hata raundi moja na Shavers, Machi 1979.

Kilichomnyima Shavers ubingwa ni pumzi fupi na kidevu kisichovumilia ngumi. Jerry Quarry alimmaliza raundi ya kwanza mwaka 1973. Lakini hayo hukuyauliza.

Makambako Njia Panda:
Heshima kwako Mzee, ila naomba nisimame na Foreman. KO za Foreman na Shavers ni 68 kwa 68, sasa angalia nani alilala. Januari 22, 1973, Kingston, Jamaika: Joe Frazier anaingia ulingoni bila kupoteza pambano hata moja, ndiye aliyemwangusha Ali miaka miwili nyuma, na Foreman anamwangusha mara 6 ndani ya raundi 2. Kuna ngumi moja ya kulia raundi ya 2 ambayo inaunyanyua mwili wa Frazier hadi miguu inaachana na sakafu. Mwaka uliofuata, Caracas, Norton naye akaishia raundi ya 2.

Ngumi ya Foreman haikuhitaji kutua pazuri. Ilitua begani, kwenye mkono uliojikinga, kwenye mbavu, na bado mtu alisogea. Wengi waliodhani wamejifunika vizuri waligundua kwamba kujifunika hakusaidii, kwa sababu mikono yao wenyewe ilirudishwa usoni.

Na jambo ambalo vijana wanalisahau ni hili: uzito wa ngumi ulibaki hata mwendo ulipoisha. Novemba 5, 1994, Foreman ana miaka 45, yuko nyuma kwa pointi kwa bingwa Michael Moorer, miguu imekuwa mizito. Raundi ya 10 anapiga kushoto kisha kulia, ngumi fupi ambayo mkono haukunyooka hata mwisho. Moorer anakwenda chali na kuhesabiwa mpaka 10. Tyson wa miaka 45 angeweza hilo? Mimi nasema hapana, kwa kuwa nguvu za Tyson zilitegemea kasi, na kasi ndiyo huondoka mapema.

Kocha wa Uyole:
Mnabishana vizuri, ila mnachanganya ngumi za aina mbili. Ipo inayosukuma na ipo inayopasua. Ukitaka kuziona, simama pembeni ya begi la mazoezi linaloning'inia. Ngumi inayosukuma inalifanya begi liyumbe mbali kama mlango wenye upepo. Ngumi inayopasua inalikunja begi katikati, linaruka kidogo, mnyororo unalegea ghafla na kukaza tena kwa kishindo, na begi lenyewe haliendi mbali. Foreman wa ujana alikuwa na zote mbili, ndiyo maana anatisha.

Ngumi ya kulia huanzia chini. Nyayo ya mbele ya mguu wa nyuma inasukuma sakafu, kisigino kinainuka na kugeuka nje, nyonga inazunguka, bega linafuata, mkono unakuja wa mwisho ukiwa umelegea na kukazwa pale tu unapogusa. Mkono ukikazwa mapema unapoteza kasi. Mguu wa mbele ukisogea wakati ngumi iko njiani, nguvu inamwagika pembeni. Ukitua kwa fundo la kidole kidogo badala ya fundo mbili za mwanzo, mfupa wa kiganja chini ya kidole hicho unavunjika, na hii ndiyo ajali ya wapigaji wazito. Wilder alivunjika mkono wa kulia akipigana na Chris Arreola mwaka 2016.

Wanaotengeneza begi wenyewe wasijaze mchanga. Mchanga unashuka, chini kunakuwa jiwe, juu panabaki patupu, na kiwiko na kifundo cha mkono ndivyo vinavyolipa. Jaza vitambaa vya mitumba vilivyokatwa vipande, changanya na vumbi la mbao kama lile la Mafinga, shindilia kila sentimita 20. Kwa mtu mzito, kilo 45 zinatosha. Bandeji ya mita 4 na nusu ivaliwe hata kwa mazoezi.

Jambo la mwisho: KO nyingi hutokana na ngumi isiyoonekana. Inapopiga ncha ya kidevu kichwa kinazunguka ghafla na ubongo unatikisika. Aliyeiona inakuja anakaza shingo na kuvumilia. Kwa hiyo Tyson na Joe Louis walilaza watu kwa namna ambayo Shavers hakuihitaji. Louis alimmaliza Max Schmeling kwa sekunde 124 mwaka 1938, na ngumi zake nyingi zilisafiri umbali mfupi sana.

Kona ya Mwanjelwa:
Nashukuru sana, Kocha. Sasa Wilder mnamweka wapi? Vijana wananisubiri.

Kocha wa Uyole:
Kwa mkono mmoja, wa kulia, namweka kwenye watatu. Sababu yangu si zile KO 42. Ni Novemba 2019, pambano la pili na Luis Ortiz. Alikuwa anapoteza raundi karibu zote, raundi ya 7 akapiga moja, na ilitua kwenye paji la uso. Mfupa wa paji ni mgumu, kwa kawaida ngumi hapo inamwumiza aliyepiga. Ortiz alikaa chini na hakuwahi kuinuka kabla ya hesabu ya 10.

Tena uzito wake ni mdogo. Desemba 2018 alipima kilo 96 na Tyson Fury kilo 116, na bado alimwangusha mara mbili. Mwaka 2020 akaongeza mwili hadi kilo 105 na Fury akammaliza raundi ya 7. Nguvu zake ni urefu wa mkono na kasi ya mwisho wa ngumi, kilo hazikumwongezea kitu. Waambie vijana hivyo, ila wakubali kwamba mkono wa kushoto wa Wilder ni wa kawaida tu, na kwamba hakuwapiga akina Frazier.

Mzee wa Ipogolo:
Hapo nakuunga mkono. Basi yangu ni Shavers, Foreman, Wilder. Kuna mmoja mnaemsahau kwa sababu leo angekosa hata kuingia uzito huu: Rocky Marciano, kilo 83 hivi, ushindi 49, KO 43. Septemba 1952, raundi ya 13, Jersey Joe Walcott yuko kwenye kamba na anaongoza kwa pointi. Wote wawili wanarusha kulia kwa wakati mmoja. Ya Marciano inafika kwanza, imesafiri umbali wa shibiri moja na ushee, na Walcott anateremka taratibu huku mkono wake wa kushoto umenasa kwenye kamba. Isimamishe video hapo hapo, uangalie mguu wa nyuma wa Marciano uko wapi, halafu rudi kwa alichosema Kocha kuhusu kisigino.

Makambako Njia Panda:
Nimeisimamisha. Kisigino kiko juu. Foreman wangu bado ni wa kwanza, lakini Shavers nampa wa pili bila ubishi.