Madurai kwa siku moja: hekalu la Meenakshi lina taratibu gani?

Mpitanjia: Wakuu, mtu anayetoka Chennai na ana siku moja tu Madurai, kusini mwa India, aingie hekalu la mungu wa kike Meenakshi saa ngapi, avae nini, na asiye Mhindu anaruhusiwa kufika wapi?

Kikoi: Panda treni ya usiku kutoka stesheni ya Egmore, ufike alfajiri. Kutoka stesheni ya Madurai hadi hekaluni ni kama kilomita moja, bajaji ya nini? Ingia kabla ya saa tatu asubuhi. Mchana hekalu hufungwa, kama saa sita na nusu hadi saa kumi, na wageni wengi hukwama hapo. Halafu kuna sakafu: unatembea peku, na mawe yakishapigwa na jua yanaunguza nyayo kwelikweli.

Mabega na magoti yafunikwe. Bukta hapana, suruali au msuli. Simu huingii nayo tangu 2018, mwaka ulipozuka moto karibu na mlango wa mashariki. Unaiacha kaunta.

Asiye Mhindu anazunguka kumbi na bwawa la Yungiyungi la Dhahabu, ila haingii chumba cha ndani cha Meenakshi wala cha mumewe, mungu Sundareswarar. Usibishane na walinzi. Hapo ni mahali pa ibada. Ukumbi wa Nguzo Elfu, wenye nguzo 985, uko wazi kwa wote.

Mama Asmini: Nyongeza kuhusu viatu. Milango mikuu ni minne na kwa mgeni inafanana. Ukiviacha kusini ukatokea magharibi, utazunguka lami peku. Shika jina la mtaa: Chithirai ndio unaozunguka ukuta, na kila upande huitwa kwa dira yake, mashariki, magharibi na kadhalika.

Minara ya malango ipo 14, wa kusini ndio mrefu zaidi, mita 52 hivi. Usiutazame ukiwa chini yake, rudi nyuma hadi mtaani. Chini ni mawe matupu. Rangi zinaanzia juu, kwenye sanamu za chokaa. Kila ghorofa lina uwazi katikati na sanamu za walinzi wawili, macho yamewatoka, rungu mkononi. Anza na hao, la sivyo macho yatazagaa tu.

Kikoi: Na asiondoke kabla ya usiku. Kama saa tatu sanamu ya Sundareswarar hubebwa kwa machela, ngoma na ubani, kupelekwa chumbani kwa mkewe. Msafara huo hata mgeni anautazama.

Mama Asmini: Akisubiri, anunue asmini nje ya lango. Muuzaji hupima kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole. Achague vitumba vilivyofumba, vitafunguka jioni.