Mrejesho: Corolla 110 kutoka otomatiki kwenda manyuo, nimechagua C50

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza niweke giaboksi ipi kwenye Corolla 110 yangu ya injini 5A: C50 ya kawaida au C56 ya zile Corolla za mbio. Kazi imekwisha, nimefunga C50.

Aliyenishauri nizidishe (hesabu ya kuzidisha) namba ya uwiano wa gia kwa ile ya difu, yaani gia ya mwisho inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, aliniokoa: jibu likiwa kubwa, gari linavuta zaidi ila injini inazunguka zaidi. Kwenye gia ya kwanza hazipishani sana: C50 ni 3.545 kwa difu yangu ya 3.722, inakuja 13.2, C56 ni 3.166 kwa 4.312, inakuja 13.65. Tofauti kubwa iko gia ya tano. Zote zina 0.815, ila kwa kuwa difu ni tofauti, kwa tairi zangu za 175/70 inchi 13, nikiwa kilomita 100 kwa saa C50 inazungusha injini kama mizunguko 2,850 kwa dakika, na C56 ingefika 3,300. Mimi nasafiri Dar–Iringa kila mwezi, makelele hayo siyawezi.

Mlima Kitonga, ule mkali wa njia ya Iringa, nimepanda na gia ya pili, ya tatu pale panapolegea. Hapo kweli C56 ingekuwa tamu, tatu yake ina nguvu zaidi.

Kilichotusumbua ni umeme. Gari ilikataa kabisa kuwaka mpaka fundi alipounganisha nyaya za swichi ya P na N (inayoruhusu gari la otomatiki liwake likiwa kwenye Parking au Neutral tu) iliyobaki kwenye giaboksi ya zamani. Taa za rivasi nazo zilihitaji waya mpya.

Klachi nimeweka mpya kabisa. Asanteni sana.