Ndege wa vuli: tupeane uzoefu wa matembezi na darsa zetu

Mwanamikokoni
Asalaam alaykum wapenzi wa ndege. Leo natoka msikitini alfajiri hapa Mazizini nimesikia sululu, yule ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, juu ya kichwa, ule mluzi wake wa mbio mbio mara sita saba mfululizo, giza bado, humuoni, unamsikia tu anapita kuelekea pwani. Nikasimama njiani kama mtu aliyeitwa jina. Nikakumbuka mara ya kwanza nlipotoka na klabu yetu ya ndege, hata darubini sijui kuishika, mwalimu wetu akanambia huyo kazaliwa kaskazini kabisa kwenye baridi, na vuli ikikaribia keshafika kwetu. Mie nimekulia pwani na siku zote nlidhani sululu ni wa hapa hapa. Haya, kila mtu na lake, zuri au baya.

BintiKonde
Langu ni msitu wa Ngezi, kule Pemba. Nyumbani bundi hatajwi usiku, bibi yangu alikuwa akimsikia juu ya paa anasoma dua mpaka aondoke. Kwa hivo siku klabu ilipokwenda kumsikiliza bundi wa Pemba mie niliaga naenda kwa shangazi. Tukaingia na mlinzi wa msitu baada ya magharibi, taa zote tumezima, mbu wanatula. Mara, hu. Kimya. Hu. Kimya tena. Yani sauti moja tu, halafu anakuachia muda wa kufikiri. Mlinzi akamulika kidogo tu, kumbe ni kadogo hakazidi shibiri, rangi ya kutu, kametulia kwenye tawi kanatutazama. Mwalimu akasema dunia nzima yuko Pemba tu. Nlilia, sina la kuficha. Niliporudi nikamwambia bibi ukweli, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Yani huyu ni wetu peke yetu?" Tangu siku ile hakumfukuza tena.

Ngarawa_ya_Babu
Kweli kabisa Binti. Mie pia nlilia Ngezi.

Kijana_wa_Wete
Na si bundi tu, tuna ninga wetu, chozi wetu, na yule mdogo wa manjano mwenye duara jeupe la macho. Wanne hao huwapati pengine popote. Ndugu zetu wa Unguja mje mjifunze. Ukitaka bundi aje upesi mpigie sauti yake kwenye simu, dakika mbili tu yuko juu yako.

Darubini_Kuukuu
Hapo kijana sikubaliani na wewe. Ukimpigia sauti anadhani kaingiliwa kwake, anaacha kuwinda anakuja kutafuta ugomvi na simu. Leo wewe, kesho mgeni mwengine, kesho kutwa mwengine tena.

Kijana_wa_Wete
Kaka mara moja haimuui.

Darubini_Kuukuu
Kila mtu husema mara moja. Msitu wenyewe uliobaki ni mdogo, na yeye hana kisiwa chengine cha kukimbilia.

BintiKonde
Sisi hatukupiga sauti na alikuja. Kaa kimya tu robo saa.

BabaSalma
Nimesoma nikasema nisiandike, lakini hili la ghuba ya Chwaka, huku Unguja, linaniamsha usiku mpaka leo. Ilikuwa Oktoba, mwezi umeandama juzi yake, kwa hivo maji ni bamvua, yamepwa saa nne asubuhi yakaenda mbali mpaka bahari unaiona mstari tu. Tulikuwa watu saba na binti yangu wa miaka tisa. Tukatembea nje kabisa kwa sababu kule mbele kulikuwa na wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wala kaa, wanaozaliana huko Ghuba ya Uarabuni na kutaga kwenye mashimo ya mchanga, mie nilikuwa sijawaona maisha yangu. Basi tukawatazama, wanakimbia wanasimama wanachomoa kaa, binti anawahesabu kwa sauti, kafika arubaini na kitu. Kina mama wa mwani wakatupita wanarudi na magunia kichwani, mmoja akasema, "Wanangu, maji yanarudi." Tukamjibu tunakuja. Hatukuja. Saa sita unusu nikageuka nyuma nikaona maji yako baina yetu na mikoko, yamepita pembeni kwenye mkondo, sisi tumebaki kwenye mchanga kama kisiwa. Kuingia mkondoni, magotini, halafu kiunoni, chini matope yanavuta mguu, nimemweka binti mabegani na darubini nimeitupa, naye halii, ananiambia tu baba wale ndege wameruka wote. Ile ndiyo iliyonivunja. Mwenzetu mmoja hajui kuogelea akaanza kusoma shahada. Akatuona mzee mmoja wa ngarawa, akaja na pondo lake hana haraka, akatupandisha mmoja mmoja, hakutukemea. Alisema neno moja, "Ndege washaondoka, nyie mmengoja nini?"

UmmuZuleikha
Subhanallah. Nimesoma mwili unasisimka. Binti yuko vipi?

Mwanamikokoni
Baba Salma pole sana, miaka yote hii hukutwambia.

Ngarawa_ya_Babu
Mie ni mvuvi, nisikilizeni. Saa mbili za mwanzo maji yanakuja polepole yanakudanganya, saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Siku za bamvua msitoke nje kabisa.

Darubini_Kuukuu
Wala hakuna haja ya kutoka. Simama ukingoni maji yakiwa yanajaa, yatakusukumia ndege mwenyewe mpaka miguuni.

Kijana_wa_Wete
Ukingoni utaona vitako vyao tu wakiruka. Nendeni siku za maji mafu, yasiyopwa mbali.

UmmuZuleikha
Mie matembezi siwezi, magoti, lakini darsa sikosi. Mwaka jana projekta imewashwa, picha ya pili tu umeme ukakatika. Mwalimu kasimama gizani hajui afanye nini. Mzee mmoja mvuvi kule nyuma akaanza kupiga miluzi, wa sululu, wa keremkerem, wa shakwe, na kila mmoja anaeleza anakuja na upepo gani na anakaa wapi. Mwalimu akakaa chini akaandika kwa taa ya simu. Umeme uliporudi hakuna aliyetaka picha.

Kijana_wa_Wete
Huyo mzee mngemrikodi!

UmmuZuleikha
Tulisema tutamrikodi. Amefariki mwezi wa Ramadhani.

Mwanamikokoni
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

BabaSalma
Ummu Zuleikha, binti yuko kidato cha pili. Daftari la hesabu la klabu sasa analiandika yeye. Ile ya Chwaka kaiandika arubaini na tatu.

BintiKonde
Jumamosi ya pili ya Oktoba ni siku ya ndege wahamao duniani, tunatoka? Mdogo wangu anauliza viatu vya mpira vinafaa.

Ngarawa_ya_Babu
Vya kufunga kamba. Matope ya Chwaka yanavua viatu. Saa ya maji ntaiangalia mie.