Swichi inagoma kuvuta famwea toka TFTP, inasema timed out

fundi_kebo:
Wakuu habari za mchana, nina swichi ya Cisco Catalyst 2960 hapa ofisini IOS yake (programu inayoiendesha) ya kizamani sana nataka niiapdeti, nimeweka Tftpd64 (programu ya kugawa faili kwa TFTP, njia rahisi ya kutuma faili mtandaoni) kwenye laptopu nikachomeka kebo moja kwa moja hadi kwenye swichi, aipi zote nimezipanga, nikiping swichi toka laptopu inajibu freshi kabisa ila nikipiga amri ya copy tftp: flash: (vuta faili uweke kwenye memori ya swichi) zinatoka nukta nukta tu halafu Timed out. Waifai nimeiacha inawaka maana natafuta msaada humu humu 😅 nakosea wapi?

mzee_wa_raki:
Hiyo ping haikuambii kitu mkuu, hapo laptopu ndo imeanza kuongea. Kwenye TFTP swichi ndo inakuja kubisha hodi kwako, UDP poti 69, na Windows ikiona kebo haina getiwei (mlango wa kutokea nje) inauhesabu huo mtandao kuwa wa Public, yaani usioaminika, inabana. Usizime fayawoli yote, iruhusu tu Tftpd64 upande wa Public. Halafu hakikisha Tftpd64 imechagua aipi ya kebo siyo ya waifai. Na jina la faili liangalie vizuri, Windows inaficha vile viherufi vya mwisho unakuta kumbe ni .bin.bin

kibokoyao:
si uiache tu kama inafanya kazi

mzee_wa_raki:
@kibokoyao IOS za zamani zina lile tundu la usalama la 2018 la Smart Install (huduma ya kusetia swichi kwa mbali), poti 4786, mtu anaingia bila pasiwedi. Hata asipoapdeti leo apige no vstack kwanza, ndo amri ya kuizima.

fundi_kebo:
Duh ilikuwa fayawoli kweli!! Alama za mshangao zinamiminika saa hizi, yaani faili linaingia. Sasa ile IOS ya zamani niifute?

dada_subneti:
Weee usifute bado kama nafasi ipo! Piga verify /md5 flash: na jina la faili, linganisha na ile MD5 (namba ya kuhakiki kuwa faili halijaharibika) iliyoandikwa kwenye ukurasa ulikodaunilodi, TFTP yenyewe haikuhakikishii hilo. Zikifanana ndo uweke boot system flash:/ na jina jipya (ndo kuiambia iwake na faili lipi), tazama show boot, sevu, reload (izime iwake upya). Ukikosea IOS ikagoma kuwaka ukabaki na switch: kwenye skrini utarushia faili kwa xmodem (njia ya zamani ya kutuma faili) kupitia konso (poti ya kusetia swichi kwa kebo), kwa spidi ya 9600 faili la MB 12 ni zaidi ya masaa matatu umekaa hapo (ukikwama hivyo set BAUD 115200 itakuokoa, inaongeza spidi).

Na kama una matawi ya mbali achana na TFTP, inatuma baiti 512 inasubiri ijibiwe ndo itume nyingine, laini ikiwa na ping ya 100ms faili hilo hilo linakula kama dakika 40. Tumia SCP, njia nyingine ya kutuma faili, angalau ina pasiwedi.

fundi_kebo:
MD5 zimefanana. Nasubiri watu watoke saa kumi na moja ndo nireload