Injinia wa CNC kamwambia mteja wangu AZIME TAA ZA SALUNI ndipo kibao kionekane!!

Wakuu, habari za jioni, japo kwangu si njema hata kidogo. Nimetoka saluni kwa mteja sasa hivi, mikono inatetemeka, chakula hakipiti.

Yule jamaa mnamjua. Mtu yeyote wa mabango mjini hapa anamjua, yule mwenye CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, anayejiita Injinia, kalamu mbili sikioni. Jina sitaji, mods wasije wakaufunga uzi. Leo mbele ya mteja wangu, mbele ya wasusi, mbele ya kina mama waliokaa na rola kichwani, kasimama katikati ya saluni, kakitazama kibao kimewashwa na hakisomeki, halafu kamgeukia mama mwenye saluni: "Mama, tatizo si kibao. Zima taa."

ZIMA TAA. Saluni, wakuu! Watu wasukwe gizani, nyusi zitindwe kwa kupapasa, mkasi utafute sikio wenyewe, ilimradi kibao cha Injinia kionekane!

Kwa msioijua kazi hii: unachonga maandishi kwenye akriliki angavu, ile plastiki ngumu kama kioo, chini unaweka stripu ya LED ndani ya reli ya alumini. Mwanga unaingia ukingoni, unasafiri ndani ya kibao ukidunda huku na huku bila kutoka, mpaka ukutane na mchongo. Hapo ndipo unatoka. Ukifanya sawasawa kibao hukioni, unaona jina tu linaelea, na linasomeka saa saba mchana taa zote zikiwa zimewashwa.

Nilimpelekea kasti, yaani akriliki iliyomiminwa kwenye ukungu, ya mm 8, karatasi ya kinga bado iko pande zote mbili. Faili la maandishi nimeshaligeuza kama kwenye kioo, na juu ya karatasi nimeandika kwa maka peni, herufi kubwa: CHONGA NYUMA. Unachonga mgongoni ili mbele pabaki uso laini, mteja afute vumbi bila kulisukumia ndani ya herufi. Biti ya V ya nyuzi 60, kina nusu milimita, basi. Yeye kafunga biti ya mbao ya meno mawili, kaizungusha 24,000 kwa dakika, halafu mashine anaitambaza polepole, eti akriliki isipasuke. Biti ikizunguka sana bila kusogea haikati, inasugua. Joto linapanda, plastiki inayeyuka na kugandia humohumo kwenye mchongo. Kasti ikikatwa vizuri inatoa chenga kavu. Chini ya mashine yake palikuwa na nyuzi ndefu zimejikunja, na yeye anazikanyaga tu anaongea na simu.

Meza nayo haijasawazishwa. Herufi za mwanzo zimezama karibu milimita mbili, za mwisho zimekwaruzwa tu. Kwa hiyo jina la mama linaanza kwa kelele na kuishia kimya, nusu yake haisomwi na mtu. Halafu azime taa!

Sasa njooni kwenye ukingo wa chini, ule mwanga unapoingilia, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Kauacha vilevile ulivyotoka kwenye msumeno, unaweza kukunia nazi. Nikamwambia kaka, sugua, anza na msasa wa maji namba 220, nenda 400, 600, 800, fika 1200, malizia na polishi na kitambaa. Msasa wenyewe unauzwa kila duka la rangi. Akasema hiyo ni kazi ya watu wasio na mashine. Akachukua mtungi wa gesi, akapitisha moto mkupuo mmoja. Juu pakang'aa, mabonde yako palepale. Halafu, na hapa niliziba mdomo, akafuta alama za vidole kwa THINA. Thina kwenye akriliki iliyotoka kupigwa moto! Nyufa nyembamba zikaanza kutambaa ukingo mzima huku naziangalia. Leo ukiwasha kibao zinazowaka ni nyufa. Jina la mama limelala.

Nikambeba mpaka saluni aone kwa macho yake. Nilitegemea atasema pole, nitachonga kingine. Kaangalia juu, kaangalia chini, kavuta pumzi ya kitaalamu: "Mama, zima taa." Na yule mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Mashine ya mamilioni, msasa umemshinda. Advansi ya mama nadaiwa mimi. Naomba mtu mwenye CNC na heshima anipe namba PM, na huyu Injinia kama anasoma hapa, na najua anasoma, aje aseme mbele ya watu lini saluni ilifanya kazi gizani.

---

Kizibo: Pole sana mkuu. Nimecheka mpaka konda kaniuliza kulikoni. "Pumzi ya kitaalamu" 😂😂

mtu_wa_geti: Nimeshamjua. Mimi alinichongea namba ya nyumba, 6 ikatoka 9. Nikarudi kulalamika, akaniambia niigeuze.

Kizibo: @mtu_wa_geti sasa si ukiigeuza inakuwa 6? Tatizo liko wapi?

mtu_wa_geti: Nyumba ni namba 61 mkuu.

Fundi Mkimya: Kwenye thina mleta mada yuko sahihi kabisa. Akriliki ukiipiga moto inabaki na mkazo ndani, ikikutana na thina au spiriti inapasuka nyufa. Maji, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha. Na ile dawa ya kufutia vioo yenye amonia isiguse kabisa. Lakini mkuu tuambie na wewe, stripu uliyoweka ilikuwa ya LED 60 kwa mita au 120? Maana wengine mnaweka stripu ya kabati halafu lawama kwa mchongaji.

Mleta mada: 120 kwa mita, volti 12, adapta mpya, reli ya alumini. Mwanga upo! Hauingii! Na hata ungekuwa hafifu, mtu anaanzaje kumwambia mwenye saluni azime taa?

Bint Mgeni: Kwani taa zilipozimwa kilionekana?

Mleta mada: Hazikuzimwa dada! Hoja ni kwamba alisema!

Bint Mgeni: Kwa hiyo hamkujaribu. Sawa.

shangazi_wa_mjini: 😂😂😂 Bint Mgeni leo umeamkia wapi

Baba Swaumu: Hii chai. Una uhakika ulimpa kasti? Wauzaji wengi siku hizi wanakupa ile ya kukamuliwa kwenye mashine, ni rahisi zaidi na kwa macho zinafanana. Ile hata ukiichonga kwa upole inanata kwenye biti. Usikute Injinia hana kosa.

Mleta mada: Nimebaki na kipande chake hapa. Nimekichonga kwa mkuu mwingine jioni hii, biti ya jino moja, chenga kavu, mchongo mweupe safi. Kosa ni lake. Na moto? Na thina? Na ZIMA TAA?

Neoni Classic: Achaneni na akriliki ya kuchonga, mambo ya kizamani. Njooni kwenye neoni fleksi, mrija laini wenye LED ndani, inakunjwa kwa mkono, haihitaji CNC wala Injinia. PM kwa bei ya pamoja.

Fundi Mkimya: Neoni fleksi nayo tusidanganyane, kwa maandishi madogo haikunjiki. Huwezi kuandika namba ya simu kwa neoni fleksi.

Neoni Classic: Nani anaandika namba ya simu ukutani miaka hii? Weka msimbo wa kuskani.

Baba Swaumu: Na umeme ukikatika? Mtaani kwetu unakatika kila ukiweka wali jikoni. Hapo kibao, neoni, msimbo, wote mko sawa.

Mleta mada: Wakuu tusitoke nje ya mada. Mtu kaingia saluni ya watu, akasema zima taa.

shangazi_wa_mjini: Pole kaka yangu, tumekusikia. Ila mafundi wa mji huu wote ukoo mmoja. Wangu wa cherehani kapokea vitenge vya sare, tuko kina mama wengi, shughuli ni Jumamosi. Leo nimempigia, kaniambia yuko msibani. Kwa nyuma nasikia cherehani.

Kizibo: 😂😂😂 cherehani ya msibani

mtu_wa_geti: Bora wewe unasikia cherehani. Wa kwangu alikata suruali, mguu mmoja wa kwangu, mwingine wa mteja mwenzangu. Tukakutana pale kwake tunabishana suruali ya nani.

Bint Mgeni: @shangazi_wa_mjini nenda ukakae pale dukani, usiondoke. Fundi cherehani hashoni kwa simu, anashona akikuona.

shangazi_wa_mjini: Nimeenda jana. Kaniletea kiti na soda, nikakaa mpaka magharibi, anamshonea mtu mwingine mbele ya macho yangu.

Mleta mada: Jamani, huyo mwenye CNC bado hajapatikana?

Neoni Classic: Mkuu nimekwambia neoni.

Mama Wawili: Shangazi samahani, huyo fundi wako ni yule mwembamba wa ghorofani, anayesema "kesho asubuhi njoo na hela tu"?

shangazi_wa_mjini: Huyohuyo! Usiniambie.

Mama Wawili: Ana kitambaa changu cha kicheni pati. Alinizika na msiba huohuo.